Ncha Mbili za Laminini

Vitabu vingi vya biolojia vya shule humfundisha mwanafunzi seli, kisha tishu, kisha viungo, bila kumweleza kwamba seli nyingi za mwili zimekalia kitu. Pengo hilo limenisumbua tangu nilipoanza kazi katika maabara ya patholojia, kwa sababu sehemu kubwa ya yale tunayoyatafuta kwenye vipande vya tishu iko palepale ambapo vitabu vimenyamaza, yaani kwenye utando mwembamba ambao seli za ngozi, figo, utumbo na mishipa ya damu zimeuegemea, na ambao pia umezunguka kila uzi wa msuli. Huo ndio utando wa msingi, na protini inayotangulia kuujenga ni laminini. Nimekusudia kuieleza kwa kirefu, nikianza na umbo lake, kwa kuwa naamini kwamba mtu akishaelewa kuwa laminini ina ncha mbili zenye kazi mbili tofauti, magonjwa kadhaa yanayoonekana hayana undugu wowote, kuanzia malengelenge ya watoto wachanga hadi ukoma, huanza kueleweka kwa swali moja tu: ni ncha ipi iliyoguswa?

Laminini ilielezwa mwaka 1979 na Rupert Timpl, George Martin na wenzao, ambao waliitoa kwenye uvimbe wa panya uitwao EHS, jina lililotokana na watafiti waliouchunguza mwanzoni, Engelbreth-Holm na Swarm. Uvimbe huo una tabia ya kutengeneza malighafi ya utando wa msingi kwa wingi kupita kiasi, na hiyo ndiyo iliyokuwa bahati ya watafiti, kwa sababu katika tishu ya kawaida utando huu ni haba na umefungamana kiasi cha kukataa kuyeyuka. Uvimbe huohuo ndio chanzo cha Matrigel, jeli ambayo maabara duniani kote huikuzia seli hadi leo, na sehemu kubwa ya jeli hiyo ni laminini.

Molekuli moja ya laminini ina minyororo mitatu ya protini inayoitwa alfa, beta na gama. Mwili wa binadamu una aina tano za alfa na aina chache za beta na gama, na kwa kuzichanganya hupata takriban laminini 16 zinazotofautiana kwa tishu na kwa umri. Tangu mwaka 2005 watafiti wamekubaliana kuzitaja kwa tarakimu za minyororo yake, hivyo laminini 111 ni ile yenye alfa 1, beta 1 na gama 1, na laminini 211 ni ile yenye alfa 2, beta 1 na gama 1. Mpango huu ni wa manufaa makubwa, maana zamani kila kundi lilikuwa na jina lake, na laminini moja ya ngozi iliwahi kuitwa kalinini, niseini na epiligrini kwa wakati mmoja. Laminini 111 ina uzito wa takriban kilodaltoni 800, ilhali hemoglobini nzima ina takriban 64.

Minyororo hiyo hukutana na kusokotana kama kamba ya nyuzi tatu, na msokoto huo ndio mkono mrefu wa molekuli, wenye urefu wa takriban nanomita 77. Upande wa juu, kabla ya kukutana, kila mnyororo hubaki peke yake na kuwa mkono mfupi. Wasomaji wengi Wakristo watakuwa wamewahi kutumiwa kwenye simu mchoro wa laminini wenye umbo la msalaba, pamoja na maelezo kwamba hii ndiyo protini inayotushikilia. Imani ya mtu ni ya kuheshimiwa na haihitaji neno langu, lakini kuhusu mchoro wenyewe ni vyema ijulikane kwamba ni mchoro wa kufundishia. Katika picha za hadubini ya elektroni ambazo Jürgen Engel na wenzake wa Basel walizichapisha mwaka 1981, mikono hupinda na kuelekea pande mbalimbali, na zipo laminini nyingine ambazo mikono yake mifupi imepunguzwa kiasi kwamba umbo la msalaba halipo kabisa.

Sasa nifike kwenye ncha zenyewe. Kwenye vichwa vya mikono mitatu mifupi kuna vifundo vinavyoitwa LN, na kazi yake ni kushika vifundo vya LN vya molekuli jirani. Kifundo cha alfa, cha beta na cha gama, kila kimoja kikitoka kwenye molekuli yake, hukutana na kufungana mahali pamoja palipo na kalsiamu. Kwa kuwa kila molekuli ina mikono mitatu ya kutoa, mshikano huo hurudiwa pande zote mpaka unapatikana wavu. Hiyo ndiyo ncha ya kwanza, ambayo laminini huitumia kushika laminini nyingine.

Ncha ya pili iko chini, mwisho wa mkono mrefu. Hapo mnyororo wa alfa huwapita wenzake na kujikunja kuwa vifundo vitano vinavyoitwa LG, na hapo ndipo seli inaposhika. Vishikio vikuu vya seli ni vya aina mbili. Kimoja ni integrini, protini inayopenya ngozi nyembamba ya nje ya seli, ikiwa imeishika laminini kwa nje na kiunzi cha seli kwa ndani. Kingine ni distroglikani, ambayo hushika kwa mkufu mrefu wa sukari, zailosi na asidi ya glukuroniki zikipokezana. Kuna jambo dogo kuhusu integrini ambalo naliona zuri mno: ingawa vifundo vya LG ni mali ya alfa peke yake, integrini haishiki ipasavyo bila asidi amino moja, asidi ya glutamiki, iliyoko karibu kabisa na mwisho wa mnyororo wa gama. Ukiibadilisha hiyo moja katika molekuli yenye maelfu ya asidi amino, mshiko unapotea. Nayo sukari ya distroglikani ni muhimu kiasi kwamba watoto wenye hitilafu katika vimeng'enya vinavyoijenga, kama wale wa ugonjwa wa Fukuyama unaopatikana zaidi Japani, hudhoofika misuli ingawa laminini yao ni nzima. Virusi vya homa ya Lassa kule Afrika Magharibi huingia ndani ya seli kwa kushika sukari hiyohiyo.

Katikati ya ncha hizo mbili laminini hushikwa na wasaidizi. Nidojeni hushika mkono mfupi wa gama 1 na kuuunganisha na kolajeni ya aina ya IV, ambayo nayo ina wavu wake. Perlekani na agrini huongeza viungo vingine. Wavu wa kolajeni ndio wenye nguvu ya kuhimili mvutano, jambo ambalo huwafanya wengi wadhani kwamba ndio msingi wa kila kitu. Majaribio ya panya yameonyesha vingine. Viinitete vya panya vilivyoondolewa jeni ya gama 1 havina utando wa msingi kabisa, na hufa siku ya tano na nusu hivi tangu kutungwa mimba, kwa kuwa bila gama hiyo laminini za mwanzo haziwezi kuundwa. Viinitete vilivyoondolewa jeni za kolajeni ya IV huipita hatua hiyo vikiwa na utando, hukua, kisha hufa kati ya siku ya 10 na ya 12, wakati mwili unapoanza kuvutwa na utando dhaifu unapochanika. Maana yake ni kwamba laminini ndiyo hutandikwa kwanza juu ya seli, na kolajeni hufuata kuimarisha kilichokwisha kutandikwa.

Seli yenyewe inaujali utaratibu huu tangu ndani. Beta na gama hufungana mapema na kusubiri, na hawaruhusiwi kutoka nje ya seli mpaka alfa ajiunge nao. Kwa hiyo kiasi cha alfa kinachotengenezwa ndicho huamua laminini ngapi zitatoka na za aina gani, na kwa kuwa ncha ya chini ni ya alfa, seli huwa imeshaamua itashikwa vipi kabla molekuli haijatoka.

Katika kazi yangu ya kila siku utando huu huonekana kwa rangi. Tukikipaka kipande cha figo rangi ya PAS, ambayo huzishika sukari za protini, kila kirija huzungukwa na mstari mwembamba wa zambarau iliyokolea, wenye ukingo safi. Katika vipande vya shingo ya kizazi, swali analoulizwa mtaalamu wa patholojia mara nyingi ni kama seli zilizoharibika bado ziko juu ya utando wa msingi au zimeutoboa na kushuka chini. Zikiwa juu, mama huyo anaweza kutibiwa kwa kuondolewa sehemu ndogo tu. Zikiwa zimevuka, hiyo tayari ni saratani vamizi, na mpango wa matibabu unabadilika wote. Nchini Tanzania, ambako saratani ya shingo ya kizazi inaongoza kwa wanawake, uamuzi juu ya unene wa chini ya mikromita moja ni uamuzi wa maisha ya mtu.

Figo nitaigusia kwa ufupi. Chujio la figo la mtu mzima linatumia laminini 521. Mtoto akizaliwa bila beta 2, chujio hupitisha protini nyingi kwenye mkojo tangu siku za kwanza, na mboni zake huwa nyembamba zisizofunguka. Huo ni ugonjwa wa Pierson, ambao chanzo chake katika jeni ya LAMB2 kilitambuliwa mwaka 2004. Linalonivutia zaidi ni kwamba wako watoto wenye beta 2 iliyokamilika isipokuwa kasoro moja katika kifundo cha LN. Hao nao huugua figo, lakini mara nyingi kwa namna nyepesi zaidi. Laminini yao ipo, inashika seli, ila haifungamani vizuri na jirani zake.

Ngozi hutegemea laminini 332, na hii ni tofauti na nyingine. Mikono yake mifupi imepunguzwa, kwa hiyo haitengenezi wavu kwa njia niliyoieleza. Kazi yake ni kufunga tabaka la juu la ngozi kwenye tabaka la chini. Ncha ya LG hushika integrini alfa 6 beta 4 ya seli za ngozi, na upande wa pili mkono wa beta 3 hushika kolajeni ya aina ya VII, yenye nyuzi zilizozama kwenye tabaka la chini. Jeni yoyote kati ya LAMA3, LAMB3 na LAMC2 ikiharibika kabisa, mtoto huzaliwa na ngozi inayojitenga kwa mguso mdogo. Kumbeba, kumvisha, hata kumnyonyesha huacha malengelenge na vidonda, na katika aina kali, ambayo daktari Herlitz aliieleza mwaka 1935, wengi hufariki utotoni kwa maambukizi na kwa kupoteza maji na protini kupitia vidonda.

Mwaka 2015 mvulana wa miaka 7 mwenye kasoro ya LAMB3 alilazwa katika kitengo cha majeraha ya moto huko Bochum, Ujerumani, akiwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi ya juu. Timu ya Michele De Luca kutoka Modena, Italia, ilichukua kipande kidogo cha ngozi yake isiyo na malengelenge, ikaingiza nakala nzima ya jeni ya LAMB3 kwenye seli kwa kutumia virusi vilivyorekebishwa, ikazikuza seli hizo kuwa shuka za ngozi, na madaktari wakampandikizia takriban asilimia 80 ya mwili kwa awamu. Taarifa ilichapishwa mwaka 2017. Ngozi ile ilishika na ikaendelea kujizalisha yenyewe kutokana na seli shina chache zilizokuwemo kwenye shuka. Seli za mtoto huyo hazikuwa na kosa jingine. Zilipopata mnyororo mmoja uliokosekana, zilijifunga mahali pake.

Mshiko wa laminini unaweza pia kutumiwa na asiyestahili. Katika selimundu, chembe nyekundu za damu zina protini iitwayo Lutheran, au BCAM, inayoshika alfa 5 ya laminini kwa nguvu kuliko kawaida, na pale ukuta wa mshipa wa damu unapoacha wazi utando ulio chini yake, chembe hizo hunata. Hiyo ni njia moja tu kati ya kadhaa zinazochangia mishipa kuziba, nami siikuzi kupita kiasi, lakini kwa nchi zetu zenye watoto wengi wenye selimundu ni vyema ifahamike.

Mfano ulio wazi zaidi ni ukoma. Kila mhudumu wa afya anajua kwamba ukoma hupiga neva, na dalili yake ya kawaida ni baka lisilohisi mguso, lakini kwa zaidi ya karne moja tangu Armauer Hansen alipomwona bakteria wake mwaka 1873, haikujulikana bakteria huyo anaitambuaje neva. Seli za Schwann, zinazovika nyuzi za neva, zimezungukwa na utando wa msingi wenye laminini 211. Mwaka 1997 kundi la Anura Rambukkana mjini New York lilionyesha kwamba Mycobacterium leprae hunata kwenye vifundo vya LG vya alfa 2. Mwaka uliofuata likaonyesha kwamba upande wa pili wa mshiko ni distroglikani ya seli ya Schwann, na mwaka 2000 likaonyesha kwamba mafuta yenye sukari yaitwayo PGL-1, ambayo ni ya bakteria huyu peke yake, nayo hushika laminini hiyohiyo. Bakteria hujipachika kwenye kitu ambacho seli tayari imekishika, na hivyo huvutwa ndani. Akishaingia hana haraka, maana hugawanyika mara moja kwa wiki mbili hivi, na dalili huweza kuchukua miaka mingi kuonekana. Dawa za mchanganyiko humwua, lakini hisia iliyokwisha kupotea kwenye kiganja au wayo mara nyingi hairudi, na mtu huungua au kukatwa bila kujua.

Alfa 2 hiyohiyo ndiyo laminini ya misuli, na huko ndiko ncha mbili zinakoonekana kwa uwazi kuliko kote. Mtoto aliyekosa alfa 2 kwa sababu ya kasoro katika jeni ya LAMA2 huzaliwa akiwa mlegevu, huchelewa kukaa, na wengi wao hawatembei kamwe. Mwaka 1994 ilionekana kwamba protini hiyo, wakati huo ikiitwa merosini, haimo katika misuli ya watoto hao, na kasoro za jeni zikathibitishwa mwaka 1995. Katika kipande cha msuli kilichokatwa kwa upana, nyuzi huonekana kama maumbo ya pembe nyingi yaliyobanana, na tukiweka kingamwili ya alfa 2 yenye kung'aa, kila uzi huvaa pete nyembamba isiyokatika. Kwa mtoto mwenye ugonjwa mkali pete hazipo, na uwanja wote ni giza. Lakini kingamwili moja haitoshi. Iko inayotambua kipande cha chini cha alfa 2, cha kilodaltoni 80, na iko inayotambua kipande cha juu, cha 300, na wapo wagonjwa ambao pete zao zinang'aa vizuri kwa ile ya kwanza huku zikififia kwa ile ya pili. Maabara inayotumia kingamwili moja tu inaweza kuwaandikia wagonjwa hao kwamba wako sawa, na ndiyo maana ninasisitiza zitumike zote mbili.

Panya wametoa ushahidi wa namna hiyohiyo. Panya waliokosa karibu alfa 2 yote hudhoofika na kufa mapema. Wale waitwao dy2J, ambao wamepungukiwa sehemu ya kifundo cha LN tu, huishi muda mrefu wakiwa na udhaifu wa wastani. Ncha ya chini inashika, ncha ya juu haifungamani.

Msuli uliokosa alfa 2 haukai wazi. Hujaribu kuziba pengo kwa laminini 411, na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu alfa 4 haina kifundo cha LN, na vilevile hushika distroglikani kwa udhaifu mkubwa. Mbadala huo una kasoro katika ncha zote mbili. Makundi ya Peter Yurchenco huko New Jersey na Markus Rüegg huko Basel yalitengeneza protini mbili ndogo za kuunganisha. Moja, agrini iliyofupishwa, hushika mkono mrefu wa laminini kwa upande mmoja na distroglikani kwa upande mwingine. Ya pili ina kifundo cha LN kilichochukuliwa kutoka alfa 1, na hujipachika kwenye laminini 411 kupitia nidojeni, ikaipa uwezo wa kufungamana. Katika panya wagonjwa, kwa mujibu wa taarifa za mwaka 2017, protini hizo mbili kwa pamoja ziliimarisha utando wa msingi, zikaongeza nguvu za misuli na kurefusha maisha kwa kiasi kikubwa.

Ufupi wa protini hizo una maana ya kitabibu. Sehemu ya LAMA2 inayosomwa kuwa protini ina zaidi ya herufi 9,000 za DNA, ilhali virusi vya AAV, ambavyo ndivyo vinavyotumiwa zaidi kupeleka jeni kwenye misuli, hubeba chini ya 5,000. Jeni nzima haiingii, lakini za protini hizi ndogo zinaingia. Njia nyingine iliyochapishwa mwaka 2019 haipeleki laminini yoyote, bali hutumia CRISPR, zana ya kuhariri jeni, katika namna isiyokata DNA, kuiamsha LAMA1, jeni ya alfa 1 ambayo msuli wa mtu mzima umeinyamazisha ingawa bado unayo. Alfa 1 ina kifundo cha LN na vifundo vyote vya LG vinavyoshika vizuri. Katika panya iliimarisha misuli, na wale waliokuwa wameshaanza kupooza miguu walirudishiwa sehemu ya uwezo wao.